Daktari aliyelinganisha sahani ya Mmasai na ya Mkikuyu

Mama mmoja wa Kikwe, kule chini ya Mlima Meru, alinieleza mwezi uliopita kwamba mwanawe wa kidato cha pili ameacha kula ugali. Kijana ni mkimbiaji wa mita 5,000, anajiandaa na UMISSETA, na kuna mtu aliyemwonyesha kwenye simu kwamba wanga ni sumu, na kwamba Wamasai ni wembamba na wenye nguvu kwa sababu hawagusi wanga. Sasa anakula mayai, maziwa na nyama ile kidogo inayopatikana. Ugali anausukuma pembeni, ndizi anaziacha chunguni. Mama hakuwa na ugomvi na maziwa. Kilichomtia wasiwasi ni kwamba mtoto anarudi mazoezini amekwisha kabisa, anajitupa kitandani kabla ya saa mbili usiku, na kwamba baba mtu, ambaye ana kisukari na anameza vidonge kila asubuhi, ameanza kumuiga mwanawe bila kumwambia daktari.

Ningeweza kumjibu kwa maneno machache. Lakini swali lake lina karibu miaka mia moja, na mmoja wa watu waliotangulia kulishika kwa mizani na kipimo cha urefu, tena hapa hapa Afrika Mashariki, alikuwa daktari Mskoti aitwaye John Boyd Orr. Wanaolikumbuka jina lake wengi wanamjua kama mkurugenzi mkuu wa kwanza wa FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1949. Wachache wanajua kwamba alihusika pia na utafiti uliowapima Wamasai wale wale ambao leo hutajwa kila mtu anapotaka kukusifia chakula kisicho na wanga. Wiki hii naomba tumfuate mzee huyo, halafu tutarudi Kikwe.

Alizaliwa Septemba 23, 1880 katika kijiji cha Kilmaurs, Uskoti, katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa na machimbo ya mawe. Mambo ya biashara yalipoharibika, familia ilihamia West Kilbride, kijiji kingine cha mkoa huo huo. Alipofika miaka 13 alipelekwa shule yenye sifa mjini Kilmarnock, lakini karibu na hapo kulikuwa na machimbo ya baba yake, na kijana akawa anashinda zaidi na vibarua wa mawe kuliko na vitabu, mpaka wazazi wakamrudisha nyumbani. Wenye vijana wa umri huo wataelewa. Kijijini alitulia, akasoma, akapata nafasi ya kusomea ualimu Glasgow, na mwaka 1902 akahitimu chuo kikuu.

Kazi ya kwanza ya ualimu haikudumu. Alipangwa shule ya mtaa wa maskini Glasgow, darasa limefurika watoto waliokuja peku, wachafu, wagonjwa, na zaidi ya yote wenye njaa. Aliona kwamba hakuna somo la hesabu linaloweza kuingia kwenye kichwa cha mtoto wa hali ile, na baada ya siku chache tu akaacha. Alihamia shule nyingine yenye nafuu, akafundisha miaka kadhaa, lakini wale watoto wa kwanza hawakumtoka akilini. Akiwa mtu mzima kabisa alirudi chuo kikuu kusoma baiolojia na udaktari. Alimaliza udaktari mwaka 1912, akafanya kazi miezi michache kama daktari wa meli, kisha akaachana na kutibu mgonjwa mmoja mmoja na kuingia katika utafiti wa chakula chini ya mwalimu wake, Cathcart.

Aprili 1914 alitumwa Aberdeen kuongoza taasisi mpya ya utafiti wa lishe. Alipofika alikuta taasisi yenyewe bado iko kwenye karatasi. Kabla hajaijenga, vita kuu ya kwanza ikaanza, naye akaenda mstari wa mbele kama daktari wa jeshi. Alipata nishani mbili za ushujaa, lakini mimi hupenda zaidi mambo mawili madogo aliyoyafanya huko. Aliwaagiza askari wake wachume mboga kwenye bustani zilizoachwa na wenyewe, wale pamoja na chakula cha makopo. Na aliwapa viatu vikubwa kidogo kuliko kipimo chao, ili miguu isioze kwenye mahandaki yenye maji. Kikosi chake kikawa na wagonjwa wachache kuliko vikosi vya jirani.

Vita ilipokuwa inaelekea mwisho, yeye na Cathcart walipewa kazi ambayo inatugusa moja kwa moja katika swali letu: kupima askari wapya wanatumia nguvu kiasi gani katika mazoezi. Askari alipiga kwata, akatembea na mzigo mgongoni, huku pumzi anayotoa ikikusanywa kwenye mfuko. Ripoti ilitoka mwaka 1919. Njia hiyo ya kupima pumzi ina siri moja nzuri. Mwili unapochoma wanga, hewa chafu inayotoka ni nyingi ukilinganisha na hewa safi iliyoingia. Unapochoma mafuta, uwiano huo unashuka. Kwa hiyo mtaalamu anaweza kukaa na mfuko wa pumzi ya mtu anayekimbia na kusema sasa hivi anatumia nini zaidi, ugali wake au mafuta yake.

Watafiti wa Denmark, Christensen na Hansen, waliitumia njia hiyo na kutoa majibu mwaka 1939. Waliwapa watu wale wale chakula cha mafuta mengi kwa siku kadhaa, kisha wakawapa chakula cha wanga mwingi, na kila mara wakawaendesha baiskeli ya maabara mpaka washindwe. Kwa chakula cha mafuta walishindwa kabla ya nusu ya muda waliodumu kwa chakula cha wanga. Sababu tunaijua leo vizuri. Misuli na ini huhifadhi akiba ya wanga, kwa mtu mzima kama nusu kilo hivi ikiwa imejaa. Akiba ya mafuta ni kubwa mara nyingi zaidi hata kwa mtu mwembamba, lakini hutoka polepole na huhitaji hewa zaidi kuchomwa. Anayetembea kwenda sokoni anaweza kwenda kwa mafuta siku nzima. Anayetaka kumpita mwenzake katika mzunguko wa mwisho anahitaji ule wanga wa kwenye misuli.

Lakini tumemwacha Orr. Baada ya vita alirudi Aberdeen, akapata fedha kutoka kwa mfanyabiashara John Quiller Rowett, na mwaka 1922 Taasisi ya Rowett ikafunguliwa. Mwanzoni ilijishughulisha na mifugo. Orr alitaka kujua kwa nini ng'ombe wa malisho fulani hudumaa hata kama majani ni mengi, na akaona jibu mara nyingi liko kwenye madini. Mfugaji wa Arumeru anayewawekea ng'ombe wake jiwe la chumvi hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Kutoka kwa ng'ombe alihamia kwa watoto. Mwishoni mwa miaka ya 1920 aliongoza jaribio katika miji saba ya Uskoti pamoja na Belfast. Watoto zaidi ya elfu moja wa shule waligawanywa: kundi moja lilipewa maziwa kila siku ya shule, jingine maziwa yaliyotolewa mafuta, jingine biskuti zenye nguvu ile ile kama maziwa, na la mwisho halikupewa cha ziada. Baada ya miezi saba waliokunywa maziwa walikuwa wameongezeka urefu na uzito kwa karibu asilimia 20 zaidi ya wenzao. Hata maziwa yasiyo na mafuta yalifanya kazi hiyo. Biskuti hazikufanya. Mzazi anayempa mtoto hela ya biskuti na soda akidhani anamshibisha sawasawa anaweza kulikumbuka hilo jaribio. Uskoti nayo ilianza kuruhusu halmashauri zake kugawa maziwa mashuleni.

Wakati huo huo Orr alikuwa amevutwa na Kenya. Alikwenda huko kwa habari za malisho, akakutana na hoja iliyokuwa mezani kwa madaktari wa serikali ya kikoloni: kwa nini Wamasai na Wakikuyu, wanaoishi jirani, wana maumbo na magonjwa tofauti kiasi kile? Yeye na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa huduma za tiba Kenya, waliandaa utafiti mkubwa. Maelfu ya watu walipimwa urefu, uzito, meno, damu, na nguvu za mkono kwa chombo cha kubana. Ripoti ilichapishwa mwaka 1931 na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza.

Wamasai wa wakati ule waliishi zaidi kwa maziwa, nyama na damu mbichi ya ng'ombe. Wakikuyu waliishi kwa mahindi, mtama, viazi vitamu, maharage na majani, huku maziwa na nyama vikiwa haba. Kwa maneno ya leo, upande mmoja wanga kidogo, upande mwingine wanga mwingi. Mwanamume wa Kimasai alimzidi mwenzake wa Kikikuyu kwa wastani wa inchi 5, karibu sentimita 13, na uzito wa kilo 10 hivi. Mwanamke wa Kimasai alimzidi mwenzake kwa inchi 3 na kilo 12. Kwa nguvu ya misuli Wamasai walikuwa mbele kwa asilimia 50. Miongoni mwa Wakikuyu walikuta zaidi meno yaliyooza, upungufu wa damu, mifupa iliyopinda, vidonda vya miguu na maradhi ya kifua.

Anayenukuliwa kwenye simu huishia hapo. Ripoti haikuishia hapo. Wamasai nao walikuwa na matatizo yao, choo kigumu na maumivu ya viungo yakiwa mengi zaidi kwao kuliko kwa Wakikuyu. Kisha lilijitokeza jambo ambalo mimi naliona ndilo zito kuliko yote: wanawake wa Kikikuyu, ambao kwa desturi walikula mboga za majani kuliko wanaume, walikuwa na afya nafuu kuliko waume zao, ingawa nao waliishi kwa wanga ule ule. Orr hakusema wanga ndio uliowadhoofisha Wakikuyu. Alisema sahani yao ilikosa vitu: chokaa ya mifupa, protini bora, vitamini. Aliona kwamba mahindi peke yake hayatoshi, na kwamba kijiko cha majani mabichi ya kijani na kikombe cha maziwa kingebadilisha mengi.

Utafiti ule pia una makosa, na si madogo. Watu wa nasaba ya Kimasai ni warefu kwa kuzaliwa, kwa hiyo huwezi kuupa uji lawama yote ya tofauti ya urefu. Wakikuyu waliopimwa walikuwa katika miaka mibaya. Ardhi yao nyingi ilikuwa imechukuliwa na walowezi, wanaume wengi walikuwa vibarua waliokula posho ya unga wa mahindi, na mazao ya zamani yenye virutubisho vingi yalikuwa yanasukumwa pembeni na mahindi. Wanahistoria waliorudi kuisoma ripoti hiyo miaka mingi baadaye waliona kwamba Orr na Gilks walikipima chakula cha watu walioporwa wakakiita chakula cha jadi. Nakubaliana nao. Tena nguvu ya kubana chombo kwa mkono si sawa na pumzi ya kukimbia. Hakuna aliyewashindanisha Wamasai na Wakikuyu mbio za kilomita 10.

Kuna na hili, ambalo wapinga wanga hawalitaji. Maziwa yana wanga. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina karibu gramu 50 za sukari ya maziwa. Moran aliyekunywa lita tatu kwa siku alikuwa amepata kama gramu 150, kiasi ambacho ni kidogo ukilinganisha na mkulima, lakini ni mbali sana na sifuri. Na Wamasai hawakuishi kisiwani. Huku kwetu wakulima wa Kiarusha wa miteremko ya Meru walibadilishana nao mazao kwa mifugo tangu zamani, na kina mama na watoto wa Kimasai walionja nafaka hata pale moran walipojitenga nayo.

Ilipofika miaka ya 1960 alikuja mtafiti mwingine, Mmarekani George Mann, safari hii upande wetu, kwa Wamasai wa Tanganyika. Alishangaa kuona watu wanaoishi kwa maziwa na nyama wana lehemu ndogo katika damu na hawana dalili nyingi za ugonjwa wa moyo. Aliwapandisha wanaume kwenye mashine ya kutembea na kukuta wana pumzi kali mno. Mwaka 1972 alitoa majibu ya kuchunguza mioyo 50 ya marehemu: mishipa ilikuwa na uchafu wa mafuta, kama ya wazee wa Marekani, ila ilikuwa mipana kiasi kwamba damu ilipita bila shida. Yeye mwenyewe aliegemea kwenye maelezo ya mwendo, ile kutembea kutwa nzima na mifugo. Kwa hiyo anayekaa ofisini Arusha mjini na kula nyama choma kila jioni kwa kisingizio cha Umasai amechukua nusu ya habari, tena ile nusu tamu.

Na wakimbiaji wenyewe wanakula nini? Mwaka 2004 watafiti wakiongozwa na Mkenya, Vincent Onywera, walipima kwa siku saba kila kilicholiwa na wakimbiaji kumi wa Kenya wa kiwango cha juu kambini. Zaidi ya robo tatu ya nguvu zao, asilimia 76.5, ilitoka kwenye wanga: ugali, wali, viazi, mkate, na sukari ya kwenye chai. Mafuta yalikuwa asilimia 13 tu. Chai yao ilikuwa ya maziwa. Wengi wa wakimbiaji wa Kenya ni Wakalenjin, watu wa jamii ya wafugaji ambao ukiangalia historia wako karibu na Wamasai kuliko na Wakikuyu. Watoto wa wafugaji, kwa maneno mengine, wamechukua sahani ya mkulima, wakabaki na maziwa, na wakaenda kushinda dunia.

Yapo majaribio ya karibuni ya upande wa pili pia. Mwaka 2017 Louise Burke wa Australia aliwachukua wanariadha wa mashindano ya kutembea, akawalisha baadhi yao mafuta mengi na wanga kidogo sana kwa wiki tatu huku wote wakifanya mazoezi makali. Miili yao ilijifunza kuchoma mafuta kwa kiwango kikubwa mno. Lakini ilihitaji hewa zaidi kwa mwendo ule ule, na wakati wenzao wa wanga waliboresha muda wao wa mashindano, wao hawakuboresha. Kwa mtu asiyeshindana, anayetaka kupunguza kilo na kubaki mzima, habari ni tofauti. Jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford lililotolewa mwaka 2018 liliwafuata watu wazima 609 kwa mwaka mzima, nusu wakipunguza wanga na nusu wakipunguza mafuta, wote wakihimizwa kula vyakula halisi na kuachana na sukari na unga mweupe. Walipungua kilo 6.0 na kilo 5.3. Tofauti hiyo haina uzito wowote wa maana. Walioshika njia yao, yoyote ile, walipungua.

Maisha ya Orr baada ya Kenya yalikwenda mbio. Mwaka 1936 alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba karibu nusu ya watu wa Uingereza, nchi tajiri yenye makoloni, hawakuwa na kipato cha kununua chakula kinachotosha afya, na kwamba fukara kabisa walikosa karibu kila kirutubisho. Serikali haikufurahia. Vita kuu ya pili ilipoanza, ushauri wake na wa wenzake ulisaidia kupanga mgawo wa chakula uliohakikisha mtoto na mjamzito wanapata maziwa kwanza. Vita hiyo hiyo ilimchukua mwanawe wa pekee wa kiume. Oktoba 1945 FAO ilizaliwa mjini Quebec naye akapewa kuiongoza. Alitaka iundwe bodi ya dunia itakayonunua ziada ya nafaka kwenye neema na kuitoa kwenye njaa. Marekani na Uingereza zilikataa, naye akaondoka mwaka 1948. Mwaka uliofuata akapewa Nobel, na fedha ya tuzo akaigawa kwa vyama vya amani. Alistaafia kwenye shamba lake karibu na Brechin, Uskoti, na hapo ndipo alipofia Juni 25, 1971, akiwa na miaka 90.

Katika maandishi yake yote neno alilolirudia ni vyakula vya kinga, yaani maziwa, mayai, matunda na mboga za majani. Kwake wanga ulikuwa kuni za moto. Kuni zikikosekana chakula hakiivi, lakini kuni peke yake si chakula.

Turudi Kikwe. Kijana wa kilo 55 anayekimbia karibu kila siku anahitaji kwa makadirio ya kawaida gramu 300 hivi za wanga, na zaidi siku za mazoezi marefu. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama gramu 75. Maana yake, hata kama asingekula kingine chochote chenye wanga, unga wa gramu 400 kwa siku nzima unamtosha. Hiyo ni sahani ya ugali mchana, nyingine usiku, na bakuli la uji. Akila na ndizi na viazi, ugali unapungua. Dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu kiini na pumba havijatupwa. Saa mbili au tatu kabla ya mazoezi ale wanga usio na mafuta mengi. Baada ya mazoezi wanga pamoja na maziwa, maharage au dagaa. Nilimwambia mama yake kwamba chakula cha baada ya mazoezi anacho tayari jikoni. Loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, ina vyote viwili katika sufuria moja. Kwa mtoto anayekua, kumnyima wanga ni kumnyima nguvu za kukua, na kwa binti mkimbiaji hatari ni kubwa zaidi: anayekula pungufu kwa muda mrefu anaweza kukosa hedhi na kupata nyufa za mifupa. Hedhi ikikatika miezi mitatu kwa binti wa mazoezi, apelekwe kituo cha afya, isichukuliwe kuwa ni kawaida ya wanariadha. Maziwa yachemshwe, hata kama moran wa zamani hakuchemsha, kwa sababu brusela na kifua kikuu cha ng'ombe bado vipo.

Jambo dogo la pembeni kwa wazazi wa eneo hilo. Meno ya kahawia ya watoto wengi wa kuzunguka Mlima Meru hayatokani na ugali wala na maziwa. Ni madini ya floraidi katika maji ya miamba ya volkano. Orr angeyapima meno ya Arumeru kwa haraka angeweza kupotea.

Baba ndiye aliyenitia hofu zaidi. Mwenye kisukari cha ukubwani anaweza kufaidika kwa kupunguza wanga, hilo ni kweli, na wapo ambao dawa zao hupunguzwa baada ya miezi michache. Lakini dawa ndiyo hupunguzwa na daktari, kwa kipimo, wakati sahani inapobadilika. Anayemeza glibenclamide au kuchoma insulini kwa kiwango cha zamani, huku ameacha ugali ghafla, anaweza kushukiwa na sukari: jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali, kuchanganyikiwa, mpaka kuzimia. Akiwa na fahamu apewe mara moja vijiko vitatu vya sukari kwenye maji au soda ya kawaida, kisha apelekwe hospitali. Akiwa hana fahamu asinyweshwe chochote, akimbizwe tu. Baadhi ya dawa mpya za kisukari zina hatari ya pili, asidi kujaa katika damu kwa mtu aliyeacha wanga kabisa, hata kama kipimo cha sukari hakionekani kuwa kibaya sana. Mwenye kisukari cha utotoni asiache insulini kwa chakula cha aina yoyote duniani.

Nilipomuuliza mama kama mumewe amepata dalili yoyote, alinyamaza kidogo. Akasema kuna asubuhi mbili alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limelowa, akidai ni joto. Ilikuwa mwezi wa saba, na Kikwe mwezi wa saba hakuna joto la kulowesha shati alfajiri. Siku iliyofuata walikwenda kliniki wote wawili, na karatasi ambayo mama alikuwa ameandika kila alichokula mumewe kwa siku nne. Daktari alikata kidonge nusu, akamrudishia kipande cha ugali wa dona mchana, mboga za majani nusu ya sahani, na kumtaka arudi na vipimo vya sukari vya wiki mbili.